Mzito Hufungwa Mkono Mmoja

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, ni halali kumkaba shingo mtu unayemheshimu, mtu aliyemzidi baba yako umri, kwa sababu tu hana njia nyingine ya kukuelewa? Niligeukia ukutani nikajibu ndiyo. Niligeukia dirishani nikajibu hapana. Mimi ndivyo nilivyo. Nilisoma takwimu chuo kikuu, nikahitimu, kazi sijapata, nikabaki na tabia ya kulipima kila jambo mpaka linaniozea mkononi. Lakini safari hii muda haukuwapo. Kijana mmoja alikuwa anapelekwa kuvunjwa, na aliyekuwa anampeleka alimpenda kuliko sisi wote.

Aliyekuwa anampeleka ni Kocha.

Biryogo nzima, mtaa wetu hapa Kigali, inamwita hivyo, tangu imamu mpaka wachoma mishikaki. Klabu yake ni banda refu la bati nyuma ya safu ya mafundi cherehani, na karibu kila kitu kilichomo kimetoka kwa mafundi hao. Tunajifunga mikono kwa vipande virefu vya kitenge, kwa hiyo hata kwenye mashindano bondia wa Kocha anajulikana kabla hajavaa glavu: ngumi zake zina maua. Mfuko wa kupigia umejaa mabaki ya vitambaa. Kadiri unavyopigwa, mabaki hushuka na kushindiliana, mpaka juu panakuwa laini kama mto na chini pagumu kama ukuta. Mgeni hupiga chini mara moja, akasikia vidole vyake vinalia, akahamia juu. Kocha humrudisha.

"Huku ndiko kwenye mbavu," humwambia. "Huko juu kuna nywele tu."

Pua yake ilivunjwa mara nyingi mpaka ikaacha kuwa na upande. Akipumua inapiga mluzi, na sisi humsikia anakuja kabla hatujamwona. Sikio la kushoto halisikii kitu. Ukitaka kuzungumza naye unasimama kulia. Akichoka na maneno yako hageuki kuondoka, anageuza kichwa tu, anakupa sikio la kushoto, nawe unabaki unaongea na nyama.

Haelezi. Anapiga. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini kiwiko kikae karibu na ubavu, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba mkono ukiwa mbali kidogo unapata kasi zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akanipiga pale pale chini ya ubavu wa kulia, kwa pedi anazovaa kupokelea ngumi zetu. Nilipiga magoti. Hewa ilitoka yote na haikurudi. Nilikuwa nimefungua mdomo kama samaki, naye akachuchumaa mbele yangu.

"Umeelewa, au nirudie?"

Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa.

"Basi. Karibu, Msomi."

Jina hilo ndilo ninaloitwa mpaka leo. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili changu cha shule kiliwachekesha wenzangu kuliko ngumi zangu.

Damu ikidondoka kwenye sakafu ya banda, Kocha haruhusu mtu mwingine aifute. Anangoja raundi iishe, anapiga magoti na kitambaa kilicholowa sabuni, anasugua mpaka saruji ing'ae, huku wale waliomwagana damu wakimsubiri wamesimama kila mmoja pembe yake. Nimewahi kumwona akifuta damu ya watu watatu jioni moja bila kusema neno. Niliwahi kumuuliza sababu. Akanipa sikio la kushoto.

Alikataza kabisa kupigana mitaani. Kijana akisikika amempiga mtu nje, hupokewa mlangoni kwa kofi, na kofi la Kocha si la kuaibisha tu, linaangusha. Lakini yeye mwenyewe, mbele yangu, alimpiga mwizi aliyempokonya mama mmoja simu pale kwenye njia ya mtaani kwetu iliyopakwa rangi. Ngumi moja. Taya ilitoka mahali pake, nikaona kabisa uso wa yule mtu umehama, meno ya chini yakiwa hayakutani na ya juu. Watu wakashangilia. Kocha hakushangilia. Alisimamisha pikipiki, akampakia mwizi katikati, akakaa nyuma yake amemshikilia kifuani kama mzazi anayempeleka mtoto kliniki, wakaenda hospitali. Siku zilizofuata alimpelekea uji, kwa sababu taya iliyofungwa hainywi kitu kingine. Yusufu alipoisimulia hadithi hiyo kwa kucheka, alizabwa kofi.

Yusufu ndiye bondia wake bora. Ni fundi cherehani, mwembamba, mrefu wa mikono, mcheshi ambaye hajui kunung'unika. Anapiga kama mtu anayetia sindano uzi: anatazama, anatulia, anapitisha. Ndiye niliyemaanisha niliposema kijana anapelekwa kuvunjwa.

Sasa nifike kwenye uzito, kwa maana uzito ndio kiini cha habari yote. Ng'ambo ya njia kuna muuza maharage mwenye mizani ya kupimia magunia. Kabla ya kupigana sisi kwa sisi, tunavuka njia, tunapanda mizani mmoja mmoja, muuza maharage anatangaza kwa sauti, wateja wake wanatutania. Sheria ya Kocha ni kwamba mmoja akimzidi mwenzake sana, mzito hufungwa mkono mmoja. Wa kushoto unalazwa tumboni, unazungushiwa kipande cha kitenge kiunoni, fundo linafungwa mgongoni, na mzito anapigana na wa kulia peke yake. Wageni hucheka wakiona. Hakuna klabu nyingine ninayoijua inayofanya hivyo.

Sheria hiyo ina sababu. Zamani Kocha alimwacha kijana mwepesi apimane nguvu na mpakiaji mizigo wa mtaa wa Gitega, kwa sababu kijana alikuwa hodari na Kocha alimwamini. Kijana yule yu hai. Huja wakati mwingine, hukaa kwenye benchi, huanza sentensi, na sote tunangoja aimalize. Kocha huketi kando yake na kungoja kuliko wote.

Kwa hiyo Kocha anajua uzito ni nini. Ndiyo maana sikuweza kumwelewa.

Yule mtu tunayemwita Baunsa alikuja kwetu mchana mmoja akitokea Remera, ambako analinda mlango wa baa. Amekulia Uganda, ana shingo pana kuliko kichwa, na anapigana ule mchezo mchanganyiko: ngumi, mateke, mieleka na kabali, vyote ndani ya pambano moja. Alitaka kujaribu ngumi peke yake.

"Mzee, nipe yeyote," alisema. "Hata wawili, ntakibazo, hakuna shida."

Kocha akampa Yusufu. Wakavuka kwenda kwenye mizani. Muuza maharage alipotangaza uzito wa Baunsa alisema tungehitaji Yusufu na nusu. Sheria ni sheria: Baunsa akafungwa mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe alicheka, akainua kiwiko ili Kocha akaze fundo vizuri.

Yusufu alimzunguka. Baunsa alirusha wa kulia, mkono uliopita juu ya kichwa cha Yusufu kwa upepo tuliousikia. Mara ya tatu aliporusha, upande wake wote ulibaki wazi, na Yusufu akapitisha ngumi kwenye ini. Pigo la ini halina haraka. Baunsa alisimama, akatutazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha magoti yakamwishia nguvu. Alitapika chai na chapati, alijikunja, alitambaa mpaka ukutani. Vijana walipiga kelele mpaka mafundi wakaacha cherehani kuja kuona.

Hadithi hiyo Kocha ameisimulia mara nyingi. Nilikuwapo kwenye tukio, na nilikuwapo kwenye masimulizi. Katika masimulizi ya kwanza fundo la kitenge lilikuwamo. Baadaye likawa linatajwa kwa mbali. Mwishowe halikuwamo kabisa. Kulikuwa na mtu mkubwa kama kabati, anajua mateke, anajua mieleka, na kijana mwembamba wa Biryogo aliyemwangusha kwa ngumi moja. Kocha hakuwa anadanganya. Nadhani kwake mkono uliofungwa ni kama kamba za ulingo, hauonekani tena, ni sehemu ya nyumba.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kwenda Rwezamenyo, ambako kuna vijana wanafanya mchezo mchanganyiko juu ya magodoro yaliyoshonwa pamoja. Kocha alijua. "Unaenda kulala na wanaume wenzako?" aliniuliza. "Umesoma miaka yote ile ili ujifunze kulala?" Lakini hakunikataza. Hakunihesabu kama bondia wa kumtegemea.

Siku yangu ya kwanza kule nilipigwa ngumi ya sikio. Si kali, lakini dunia iliinama. Nikafanya anachofanya kila bondia akitikiswa: nilimkumbatia aliyenipiga. Nilimfunga mikono, nikaweka kidevu begani kwake, nikamwegemea, nikapumua. Kwenye ngumi hapo ni mahali salama kuliko pote. Refa huja, huwatenganisha, kila mmoja hurudi nyuma hatua moja, nawe umeshapata akili zako. Nilikuwa nangoja kutenganishwa. Nilikuwa nangoja kweli, nimefumba macho, wakati yule kijana aliponizoa miguu na kunipiga chini kwa kisogo. Akanikalia kifuani. Ngumi zilizofuata zilikuja kutoka juu, na nyuma ya kichwa changu kulikuwa na sakafu, kwa hiyo kila ngumi ilinipiga mara mbili. Nilimeza damu ya pua yangu mpaka nikakumbuka kwamba kule ukishindwa unagonga kwa kiganja.

Nilirudi nyumbani uso umevimba na wazo moja. Jambo tulilofundishwa litutoe hatarini ndilo lililoniingiza. Na mwili haukuniuliza. Ulikumbatia wenyewe.

Nilijaribu kuwa mwadilifu. Nilijiambia kwamba mpiganaji mchanganyiko akija kwetu tunampiga, na sisi tukienda kwake anatupiga, kwa hiyo kila mtu anashinda kwenye sheria zake na hakuna la kujivunia. Nikaongeza uzito kwenye hesabu. Kwenye ngumi mtu mwepesi anaweza kumkimbia mzito raundi nzima. Mzito akishakulalia, hukimbii popote, kilo zote ni zake na pumzi yako pia.

Halafu Baunsa alirudi.

Safari hii hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni, akasema kuna onyesho linaandaliwa kwenye ukumbi mmoja Remera, na anamtaka yule kijana wa kushona.

"Kwa sheria zangu, mzee. Zako nilizionja tayari."

"Mateke na kubiringishana?"

"Kila kitu. Au ngumi zenu haziwezi kutoka nje ya hili banda?"

Nilimtazama Kocha. Mluzi wa pua ulikatika kidogo. "Atakuja," alisema.

Baunsa alimtazama Yusufu kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, kama anayechagua mahali pa kuanzia. "Kale, sawa. Mwambie ale vizuri."

Alipoondoka nilimfuata Kocha, nikasimama kulia kwake. Nilimwambia kwamba mtu yule alipigwa akiwa na mkono mmoja.

"Mkono mmoja wa mtu yule ni mikono yako yote miwili."

"Kule atakuwa nayo yote, Kocha. Na miguu. Na hakuna atakayemfunga."

"Uzito wa mtu asiyejua ngumi ni nyama. Yusufu atamchana."

"Na yule kijana wa kwenye benchi?" nilisema.

Hilo lilikuwa kosa. Uso wake ulijifunga. Akanipa sikio la kushoto.

Nikamwendea Yusufu kwenye cherehani yake. Alikuwa anashona sare za shule, pini tatu mdomoni.

"Msomi, wewe iko na woga mingi sana, sha," alisema pembeni ya pini. "Mimi nilimwangusha yule."

"Akikushika utafanya nini?"

"Nitamkumbatia, nipumue."

"Halafu?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Halafu watatuachanisha."

"Nani?"

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lake. "Kocha amesema tunaenda," alisema. "Akisema hatuendi, hatuendi. Mimi sitamwambia hapana. Wewe unaweza?"

Hapo ndipo usingizi ulipoisha. Nilijua Kocha hasikii hoja. Amewafundisha watu maisha yake yote kwa kuwapiga, na aliamini kweli kwamba kilichoingia kwa sikio hakijaingia. Kwa hiyo nilikuwa na njia moja. Lakini angeweza kufa. Angeweza kupata kiharusi. Vijana wangeniona mtu niliyemdhalilisha mzee mbele ya watoto wake. Au ningeshindwa, jambo lililokuwa rahisi zaidi kutokea, na Yusufu angekwenda Remera akiwa na uhakika maradufu. Nilipima upande huu na ule. Upande mmoja kulikuwa na heshima ya mtu mzima. Upande wa pili kulikuwa na benchi lile, na sentensi isiyomalizika, na sasa ingekuwa ya Yusufu.

Jumamosi alasiri, mazoezi yalipoisha, vijana wakaenda kuswali na kunywa chai. Walibaki Kocha na Yusufu, wakikunja vitenge. Nilivaa glavu nyembamba za Rwezamenyo, zile zinazoacha vidole nje.

"Kocha," nilisema, "nipige kama Yusufu atakavyompiga yule. Nami nifanye kama yule atakavyofanya."

Alinitazama, akatazama glavu, akacheka mdomo ukiwa umefumba. "Mwili huu? Mimi ni wewe mara moja na nusu."

"Ndiyo."

Akavaa glavu zake kubwa. Kisha, bila hata kufikiri, akachukua kipande cha kitenge na kulaza mkono wa kushoto tumboni, akimwashiria Yusufu amfunge. Mzito hufungwa.

"Usifunge," nilisema.

"Nitakuua, Msomi."

"Yule hatafungwa. Usifunge. Na ukishindwa, gonga kwa mkono."

"Nigonge? Nagonga mlango wa nani?" Akamkonyeza Yusufu, akatupa kitenge.

Ngumi yake ya kwanza ilinifungua nyusi. Sikuiona. Ya pili iliingia mbavuni, upande ule ule wa siku ya kwanza, na kitu kilisikika ndani yangu kikisogea. Nilirudi nyuma mpaka bati likanigonga mgongoni. Alikuja taratibu, pua ikipiga mluzi, mguu wa kushoto mbele, mzuri kutazama hata kwa jicho moja, lingine likiwa limejaa damu. Yusufu alikuwa anasema, "Basi, Kocha, basi." Ya tatu ilinichana mdomo. Nilielewa kabisa kwamba nikisimama pale ananimaliza, na kwamba kuhusu ngumi alikuwa na haki katika kila neno.

Nikainama, nikaingia chini ya mkono wake mpaka kifua chake kikanigusa uso.

Akanikumbatia.

Alinifunga mikono yote miwili, akaweka kidevu shingoni kwangu, akaniegemezea mwili wote, kama alivyotufundisha, ili uzito wake unichoshe. Nilisikia pumzi yake ikishuka. Alikuwa anapumzika. Alikuwa salama, nyumbani kwake, anangoja. Nilikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma hatua moja.

Nilipitisha mguu nyuma ya kisigino chake nikampiga ngwala.

Tulianguka pamoja, mimi juu. Alipogeuka ajiinue kwa magoti, kama mtu yeyote asiyejua, alinipa mgongo. Nikapitisha mkono chini ya kidevu, nikaufunga kwa mwingine, miguu nikamzungushia kiunoni.

"Gonga, Kocha."

Glavu yake ilinigonga pajani, mara mbili. Nilianza kulegeza. Ikaja ya tatu, na paja likafa ganzi, nikajua hazikuwa za kuomba. Zilikuwa ngumi. Alikuwa bado anapigana, kinyumenyume, na mtu asiyemwona.

"Msomi! Mwache!" Yusufu alikuwa amenishika bega. "Ni Kocha!"

Nikiachia sasa, atasema nimeshindwa kumshika. Atasimama, atacheka mdomo umefumba, na wataenda. Damu ya nyusi yangu ilikuwa inadondoka juu ya mvi zake. Mluzi ulikuwa umekatika.

Nilikaza.

Ngumi zikawa nyepesi, zikawa kama za mtoto, zikaisha. Glavu ililala sakafuni, wazi. Nilimwachia papo hapo, nikamlaza chali, nikamwinua miguu. Yusufu alikuwa analia na kunitukana kwa Kinyarwanda. Kisha pua ikapiga mluzi, macho yakafunguka, na kabla hayajaona kitu mikono yake ilipanda kulinda uso.

Alikaa. Alinitazama bila kunitambua, akamtazama Yusufu.

"Refa alisema nini?" aliuliza.

Yusufu alifuta uso kwa kiwiko.

"Hakukuwa na refa, Kocha."

Mzee alitazama mlango. Akatazama mikono ya Yusufu. Kisha akainyoosha yake miwili mbele, ili Yusufu amfungue kamba za glavu.

"Nitafutie simu yangu," alisema, sauti ikikwaruza. "Yule mtu wa Remera nitamwambia hatuji. Nitamwambia mimi ndiye niliyeogopa." Akamshika Yusufu kola, akamvuta karibu. "Wewe hukuogopa. Umenisikia? Mtu akikuuliza, wewe hukuogopa."